Darasa la Mwezi la Majengo, Moshi: Jumamosi tatu na kigari kisicho na dereva

Nimelipa shilingi 25,000 watoto wangu wawili wasome darasa la vyombo vinavyotumwa Mwezini: 15,000 ya mkubwa, 10,000 ya mdogo wake kwa kuwa wametoka nyumba moja. Ni Jumamosi tatu, saa tatu asubuhi mpaka saa tano na nusu. Kwa fundi cherehani kama mimi hiyo ni hela ya siku nzima ya kazi, kwa hiyo niliifikiria mara mbili kabla ya kuitoa. Naandika kwa sababu wazazi watatu wameshaniuliza dukani kama darasa lile lina maana au ni la kupotezea watoto muda, na wote niliwajibu nusunusu huku nikipima viuno vya wateja. Leo nimetulia, nijibu vizuri.

Darasa halina jina wala bango. Ni chumba cha nyuma nyumbani kwa mwalimu mstaafu wa fizikia, huku kwetu Majengo. Sisi wazazi tunamwita Mwalimu, watoto wanamwita Babu. Anafundisha jambo moja tu: vyombo visivyo na mtu ndani vinavyotumwa Mwezini. Vinafikaje, vinatuaje, vinafanya nini kule, na usiku unapovikuta inakuwaje. Habari za sayari hagusi. Nilikusudia kuwaacha watoto mlangoni nikafungue duka, lakini binti yangu, ana miaka 6, aling'ang'ania gauni langu, ikabidi nikae. Jumamosi zote tatu nimekaa kwenye kigoda pale nyuma, na ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu.

Alianza na salamu. Alimsimamisha mwanangu wa kiume, wa miaka 9, karibu na dirisha, akamwambia amwamkie.

"Shikamoo, Babu."

Kimya. Watoto wakaanza kutazamana. Mzee mzima haitikii! Yeye anakunja vidole taratibu, moja, mbili, na nusu.

"Marahaba, mjukuu wangu."

Wakacheka sana. Ndipo akawaambia kwamba kuongea na kitu kilichoko Mwezini ndivyo kulivyo. Toka hapa mpaka kule ni wastani wa kilomita 384,400. Mawimbi ya redio yanakwenda kwa mwendo wa mwanga, na hakuna kinachoupita mwanga, lakini shikamoo yako bado inatumia sekunde moja na robo hivi kufika, na marahaba itatumia nyingine kama hiyo kurudi. Watoto wakaanza kuamkiana wenyewe kwa wenyewe kwa kuhesabu vidole. Mpaka leo nyumbani kwangu nikiita mtu, naitikiwa baada ya sekunde mbili na nusu. Nimeshazoea.

Kisha akauliza nani anatumwaga dukani. Mikono yote juu. Akamchukua msichana mmoja, akasema mama yako anakutuma sukari, anakwambia nini? Yule mtoto akataja: nusu kilo, kama haipo niulize robo mbili, chenji niishike mkononi, pikipiki ikija nisimame pembeni. Mwalimu akamwuliza, je, ukifika dukani ukakuta pamefungwa? "Naenda la pili." Mama alikwambia? "Hapana, najua tu." Basi, akasema, wewe unajua tu, roboti haijui. Roboti ni mtoto aliyetumwa ambaye lazima aambiwe yote kabla hajatoka nyumbani: pakifungwa ufanye nini, ukianguka ufanye nini, ukikuta jiwe njiani upite upande gani. Kwa sababu akishafika mbali, ukimpigia kelele "simama!" ameshajikwaa zamani.

Mfano huu ndio ulionifanya nimheshimu yule mzee. Nimetuma watoto miaka na miaka, sikuwahi kufikiri kwamba hapo kuna elimu ya roboti ndani yake.

Mchezo uliofuata ulikwenda karibu saa nzima, na kama ningekuwa na uwezo ningeupeleka kila shule ya msingi mkoani. Mtoto mmoja anafungwa macho kwa khanga: huyo ni kigari. Sakafuni pamewekwa ndoo, matofali, kandambili. Wa pili anasimama nyuma ya pazia, huyo ndiye Dunia, haoni chochote. Wa tatu ni kamera: anachora haraka anachokiona mbele ya kigari, na karatasi inapelekwa nyuma ya pazia na tarishi anayetembea polepole huku darasa zima likihesabu. Dunia inasoma mchoro, inaandika amri, "hatua mbili mbele, geuka kulia kidogo", tarishi anairudisha. Mara ya kwanza mwanangu alikuwa Dunia, akaamuru hatua tano kwa mkupuo. Kigari kikaingia ndoo. Mara ya pili akaamuru hatua moja moja. Mwalimu hakumsifu wala hakumsahihisha, akawasimulia tu habari za Lunokhod 1.

Hicho kilikuwa kigari cha kwanza kabisa kutembea Mwezini, cha Wasovieti, kilishuka Novemba 1970. Kina magurudumu manane na umbo kama beseni kubwa lenye mfuniko. Waliokiendesha walikuwa watu watano wamekaa chumbani huku Duniani: kamanda, dereva, mwelekezaji njia, mhandisi, na mwingine wa kushughulika na antena. Hawakuona video. Walikuwa wanapata picha moja, wanasubiri, wanapata nyingine. Kwa mwendo huo wa kupapasa walikwenda zaidi ya kilomita 10 kwa muda wa miezi kumi. Mwanangu alisikiliza mdomo wazi. Yeye alikuwa ameshindwa kuvuka chumba.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya kutua. Kila mtoto alitakiwa aje na yai moja na vitu vya kulifunga. Hapa nina lawama: tuliambiwa Ijumaa jioni, na kuna mtoto alikuja bila yai akakaa kanyongea mpaka mwenzake akamgawia kazi ya kushika gundi. Mwalimu angetoa orodha siku ya kwanza tu, ingetosha.

Mayai yalidondoshwa kutoka juu ya meza iliyopandishwa juu ya meza nyingine. Watoto walileta maboksi, sponji za kuoshea vyombo, na wale wanaotoka kwenye migomba walileta majani makavu, ambayo kwa maoni yangu yalishinda vyote. Kijana mmoja alikuja na parashuti ya kipande cha khanga, imefungwa uzi vizuri kabisa, pembe nne zimelingana. Mwalimu akaikagua, akamsifia mishono, kisha akaichomoa. "Hii ingekusaidia hapa Moshi. Kule hakuna hewa ya kuishika." Parashuti inafanya kazi kwa kushika hewa. Pasipo na hewa, khanga inaanguka pamoja na yai kama jiwe.

Basi chombo kinashukaje? Akawaonyesha kwa puto. Alilijaza, akaliachia, likaruka upande huu hewa ikitoka upande ule. Ndivyo injini ya roketi inavyosukuma. Chombo kinapofika Mwezini kinakuwa kinakimbia mno, karibu kilomita 6,000 kwa saa. Mwalimu akawapigia hesabu ubaoni: toka hapa mpaka Arusha, kilomita 80 hivi, chini ya dakika moja. Watoto waliowahi kukaa kwenye Coaster ya Arusha walipiga mluzi. Kwa hiyo kinageuza injini iangalie kule kinakokwenda, kinaiwasha, na moto huo ndio breki. Chini yake injini na miguu, ndani yake kompyuta inayoangalia chini kwa kamera na kwa mwanga wa leza ili ijue imebakiza mita ngapi. Hakuna mtu anayeshika usukani, kwa sababu ya ile shikamoo. Wakati picha ya jiwe inafika Duniani na amri ya kulikwepa inarudi, zimepita sekunde mbili na nusu, na chombo kimeshalikalia jiwe.

Kisha akaeleza habari ya Wahindi, na hapo chumba kilitulia kama kanisani. Mwaka 2019 India ilituma chombo cha kutua kinachoitwa Vikram. Safari ilikwenda vizuri mpaka dakika za mwisho kabisa, kikapotea, kikaanguka na kuvunjika. Walikaa chini wakatafuta kosa. Wakatengeneza kingine, nacho wakakiita Vikram vilevile. Miguu ikakazwa zaidi, mafuta yakaongezwa, eneo la kutulia likapanuliwa, na kompyuta ikafundishwa mambo mengi zaidi ya "ikitokea hivi, fanya hivi". Tarehe 23 Agosti 2023, siku ya Jumatano, saa tisa na dakika 34 alasiri kwa saa zetu, kikatua salama karibu na ncha ya kusini ya Mwezi, mahali ambapo mpaka siku hiyo chombo cha nchi nyingine yoyote kilikuwa hakijawahi kutua karibu vile. Siku nne tu kabla, chombo cha Urusi kinachoitwa Luna 25 kilikuwa kimejigonga kulekule Mwezini.

Alipofika kwenye zile dakika za mwisho akasema, "Kilipobakiza mita 150 kikasimama, kikaning'inia hewani, kikitazama chini pasipo na mawe..."

Binti yangu, ambaye Jumamosi nzima alikuwa hajasema neno, akanyoosha kidole. "Hakuna hewa, Babu."

Yule mzee alikaa kimya kidogo, na safari hii hakuwa anahesabu sekunde. "Umesema kweli. Kikaning'inia juu ya moto wake mwenyewe." Nimemlipia mtoto huyu karo tangu chekechea, na sijawahi kumwona amekaa wima namna ile kwenye kiti.

Ndani ya Vikram kulikuwa na kigari kidogo, Pragyan, kilo 26. Mwalimu akaleta mfuko wa unga wa kilo 25, akasema ongezeni kilo moja juu yake ndicho hicho. Wavulana wawili wakaunyanyua kwa shida. Mwezini, akasema, mvuto wake ni moja ya sita ya huku, kwa hiyo mfuko huo ungeusikia mkononi kama kilo nne na kidogo tu, hata mtoto wa miaka 6 angeubeba. Binti yangu akaenda kuushika ili ajue kama ni kweli, haukunyanyuka, akasema basi atasubiri aende huko.

Mayai, kama mnataka kujua: kumi na manne yalipasuka, manane yalipona. La mwanangu lilipasuka.

Sasa kasoro kubwa, na nimeshamwambia mwenyewe kwa heshima. Mwishoni mwa siku ile alieleza kwa haraka mno habari ya upande wa nyuma wa Mwezi, kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Huu Mwezi unatuonyesha uso mmoja tu siku zote. Upande wa pili hatuuoni, na chombo kikiwa huko hakiwezi kuongea nasi moja kwa moja kwa sababu Mwezi wenyewe umekaa katikati. Mwanangu alirudi nyumbani akiwatangazia wenzake kwamba kule nyuma ni giza la milele. Si kweli. Jua linaupiga upande ule kama linavyoupiga huu, ni macho yetu tu hayaufikii. Jumamosi ya tatu nilimfuata Mwalimu kabla ya kipindi nikamweleza. Akashukuru, akaanza upya kabisa, na safari hii aliueleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Aliuliza: bibi yako yuko Loitokitok, upande wa Kenya, wewe uko Moshi, katikati kuna Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro. Mnaonana? Hapana. Kwa bibi ni usiku wakati kwako ni mchana? Hapana! Jua ni lile lile. Mkitaka kupungiana mikono mnahitaji mtu wa tatu akae mahali anapowaona wote wawili. Wachina walifanya hivyo hivyo: kabla ya kutuma chombo chao cha Chang'e 4 walitanguliza setilaiti iitwayo Queqiao, ikakaa ng'ambo ya Mwezi mahali inapoiona Dunia na inauona ule upande wa nyuma, ikawa inapokea ujumbe huku na kuupeleka kule. Tarehe 3 Januari 2019 Chang'e 4 kikawa chombo cha kwanza kutua upande ule salama. Na mwaka 2024 mwenzake, Chang'e 6, akachimba udongo wa kule, akaufunga, akaupandisha kwa roketi ndogo, akauleta Duniani: karibu kilo mbili. Mwalimu akashika mfuko wa sukari wa kilo mbili. Ule udongo ulikuwa mdogo kuliko huu, na hakuna binadamu aliyekuwa amewahi kuugusa.

Jumamosi hiyo ya tatu umeme ulikatika saa nne kasoro. Alikuwa amepanga kuonyesha picha kwenye televisheni. Kwa wengine darasa lingekufa hapo. Yeye alifunga dirisha kwa pazia zito, akatoa tochi na chungwa na bakuli, na nathubutu kusema tulipata somo bora kuliko la kwenye televisheni.

Chungwa ni Mwezi, tochi ni Jua. Akalizungusha polepole. Mchana wa Mwezini una urefu wa siku zetu 14 hivi, na usiku vilevile. Mchana joto linapanda mpaka kiasi cha nyuzi 120, linazidi la maji yanayochemka. Usiku linashuka chini ya sifuri kwa zaidi ya nyuzi 130. Hakuna hewa ya kutunza joto, hakuna mawingu ya kufunika. Kisha akaweka bakuli mezani, akailaza tochi pembeni kabisa, mwanga ukawa unapita juu ya ukingo tu. Ndani ya bakuli giza. Kwenye ncha za Mwezi Jua halipandi juu, linatambaa pembeni siku zote, na kuna mashimo makubwa ambayo sakafu zake hazijaonja jua kwa miaka mamilioni kwa mamilioni. Shimo moja linaitwa Shackleton, upana kilomita 21, kina zaidi ya kilomita 4. Akafungua pazia kidogo tuutazame mlima, bahati nzuri ulikuwa wazi. Kutoka hapa tulipokaa mpaka kileleni, kwenda juu, ni kilomita 5. Watoto wakapima kwa macho.

Humo gizani ndimo barafu ya maji ilimo. Mwaka 2009 Wamarekani waliligongesha makusudi tangi tupu la roketi kwenye shimo mojawapo, vumbi likaruka, chombo kilichofuata nyuma kikalichunguza vumbi lile kikakuta maji. Ndiyo maana nchi nyingi sasa zinakimbilia kusini mwa Mwezi. Maji yanaweza kunywewa, na yakitenganishwa yanatoa hewa ya kuvuta na mafuta ya roketi.

Halafu ikaja sehemu iliyonigusa mimi. Mwalimu alichukua vikombe viwili vya chai ya moto. Kimoja akakiacha wazi, cha pili akakimimina kwenye chupa ya chai. Baada ya nusu saa watoto wakaonja. Akaifungua chupa kuukuu iliyovunjika, akawaonyesha kioo chake cha ndani kinachong'aa, na ile nafasi katikati isiyo na hewa. Vyombo vya Mwezini, akasema, vimevikwa blanketi kwa akili hiyohiyo: tabaka nyingi za karatasi nyembamba inayometameta, tabaka juu ya tabaka, hazigusani sana, zinarudisha joto lilikotoka. Hiyo ndiyo rangi ya dhahabu mnayoiona kwenye picha. Kisha akageuka kunitazama. "Na mablanketi hayo, mama, yanakatwa kwa patani na kushonwa kwa cherehani. Na mafundi kama wewe."

Nina miaka 17 kwenye cherehani. Nimeshona sare, mashela, vitambaa vya meza, mapazia ya kanisa zima. Sikujua kwamba kuna mwenzangu mahali fulani amekaa na kanyagio lake anamshonea blanketi mtoto wa kwenda Mwezini. Nilimwuliza Mwalimu maswali mengi siku hiyo kuliko mtoto yeyote, hasa ya pembe na mikunjo, kwa sababu najua pembe ndipo nguo inapokufia. Alijibu aliyoyajua.

Lunokhod, yule wa beseni, alikuwa na njia yake: jioni ya Mwezi ikifika mfuniko unashuka, kama sufuria ya wali inavyofunikwa, na ndani kuna kipasha-joto chake. Asubuhi mfuniko unafunguka, na upande wake wa ndani ndio wenye sola. Alipita usiku mwingi namna hiyo. Pragyan hakuwa hivyo. Alitengenezwa kwa mchana mmoja, siku 14. Alitembea mita 100 hivi, akapima udongo, na mwanzoni mwa Septemba 2023 akalazwa, betri imejaa, sola yake imeelekezwa kule jua litakakochomoza. Likachomoza. Walimwita siku nyingi. Hakuamka.

Binti yangu akauliza, "Mbona hawakumfunika?"

Mwalimu akamwambia blanketi peke yake halikutosha kwa baridi ile, na kipasha-joto kingeongeza uzito ambao ungepunguza vitu vingine. Halafu, nadhani kwa sababu aliona uso wa mtoto, akamsimulia wa Kijapani anayeitwa SLIM. Huyu Januari 2024 alitua karibu kabisa na pale alipotumwa, hakukosea hata mita 60, lakini alianguka kifudifudi, sola zake zikatazama magharibi na jua lilikuwa mashariki. Betri ikaelekea kuisha, wakamzima. Siku nane baadaye hivi jua likawa limegeukia upande wake, akaamka mwenyewe. Hakutengenezwa kuvumilia usiku, lakini akaupita usiku wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Na aliyempiga picha akiwa ameinamisha pua vile ni kigari cha duara, ukubwa wa chungwa, robo kilo tu, kinachopasuka katikati kikawa magurudumu mawili. Waliosaidia kukitengeneza ni kampuni ya midoli ya Japani. Mwalimu aliposema midoli, watoto walipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Kwa hiyo, je, mpeleke mtoto? Kuanzia miaka 6 hadi 10, ndiyo, bila kusita. Wa miaka 4 msimpeleke. Jirani yangu alimleta wake, akalia gizani tochi zilipowashwa. Chumba ni kidogo kwa watoto 22, na bati linaanza kuchoma saa nne, wapeni maji ya kunywa. Gari la kuchezea la rimoti ni moja tu na liligombaniwa kila siku. Bora Mwalimu aliache kabatini, mchezo wa khanga unafundisha zaidi. Sauti yake ni ya chini, mtoto asiyesikia vizuri akae mbele. Vitabu hakuna, daftari na penseli njooni navyo. Na mzazi akiweza kukaa, akae.

Juzi jioni tulikuwa tunafunga duka, mwezi mchanga umelala chali kama mtumbwi juu ya mabati ya Majengo. Bibi yangu alikuwa akituambia yale mabaka meusi ni mama aliyebeba kuni. Nilimwambia binti yangu hivyo, akanisikiliza kwa adabu, kisha akanieleza kwamba ni lava iliyoganda, jiwe jeusi ndugu na mawe ya mlima wetu, na kwamba mama mwenye kuni anaweza kuwa anaishi juu yake. Akauliza kama kule kwa Pragyan sasa ni usiku.

Kundi jipya linaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Mwalimu ameniomba nimshonee mablanketi manane ya vigari vya maboksi, kwa karatasi zinazometa za pakiti za biskuti, tabaka tano tano. Nimemaliza matatu. Pembe zinasumbua.